Kikombe cha Chai Juu ya Kuba la Florence: Tutamvumilia Bwana Huyu Hadi Lini?

Mwalimu wa Kuba:

Ndugu walimu na wanajukwaa wenzangu, ninaandika nikiwa bado ndani ya darasa la Kidato cha Tano, saa kumi na nusu jioni, na chokaa haijanitoka mikononi. Jina lake silitaji kwa sababu hakuna haja. Kila aliyewahi kufundisha Historia anamjua: ni yule bwana anayeingia darasani bila kubisha hodi, kikombe mkono mmoja na faili la maazimio ya kazi mkono wa pili, na ambaye akiwakuta wanafunzi wamesimama badala ya kuketi hudhani kuna mgomo. Leo bwana huyo ameweka kikombe chake cha chai juu ya kuba letu, mfano wa kuba la kanisa kuu la Florence ambao wanafunzi wangu wameujenga kwa matofali madogo ya udongo.

Ninarudia ili asiwepo atakayedhani amesoma vibaya. Ameweka kikombe cha chai ya rangi, kilichojaa hadi ukingoni, juu kabisa ya kuba la Florence, mbele ya wanafunzi 46, kisha akatugeukia na kusema, "Angalau sasa limepata kazi."

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunasoma jinsi ukabaila wa Ulaya ulivyolegea na miji ya wafanyabiashara ilivyoinuka. Kitabu chetu kinaumaliza Mwamko wa Ulaya (Renaissance) kwa aya mbili, na wanafunzi wanazikariri kama wanavyokariri namba ya mtihani. Nikaamua wausome kwa mikono. Niliwasimulia kuhusu Florence, mji wa Italia ulioanza kujenga kanisa lake kuu la Santa Maria del Fiore bila mtu yeyote kujua namna ya kuliezeka, kwa sababu uwazi wa katikati ulikuwa na upana wa zaidi ya mita 40, na kiunzi cha mbao cha kushikilia matofali ya upana huo, kutoka sakafuni hadi juu, kilikuwa jambo lisilowezekana. Chama cha wafanyabiashara wa sufu, ambacho ndicho kilichosimamia ujenzi, kikatangaza shindano mwaka 1418. Kazi ikamwangukia Filippo Brunelleschi, mtu aliyejifunza usonara, wala hakuwa mwashi. Ujenzi wa kuba ulianza mwaka 1420 na likafungwa mwaka 1436, likiwa na maganda mawili, la ndani na la nje, bila kile kiunzi kikubwa ambacho kila mtu alidhani hakikwepeki.

Darasa likajigeuza chama cha mafundi. Kulikuwa na wanagenzi, mafundi wa kibarua na mafundi wakuu, na hakuna mwanagenzi aliyepanda daraja bila kuonyesha kazi ya mkono wake, kama ilivyokuwa katika miji ile. Tulifyatua matofali ya udongo kwa visanduku vya kiberiti, matofali 1,640, nami ninaijua idadi hiyo kwa sababu mwanafunzi mmoja alikabidhiwa daftari la hesabu na hakukubali hata tofali moja lipotee. Tulipofika safu ya saba ukuta ulianza kuinama ndani na matofali yakawa yanateleza kabla chokaa haijashika. Yaliporomoka mara nne. Sikuwapa jibu, ingawa nilikuwa nalo. Siku ya tano binti mmoja, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kunyoosha mkono, alisimamisha tofali moja wima kila baada ya matofali machache, safu ikajibana yenyewe na haikuteleza tena. Alikuwa amegundua mpango wa mwiba wa samaki, uleule alioutumia Brunelleschi! Nilipowaonyesha picha ya kuba lenyewe kwa ndani ya kuta zake, darasa lilipiga kelele ambazo nadhani zilifika sokoni.

Huyo binti ndiye aliyekuwa amesimama karibu na kuba wakati kikombe kinawekwa juu.

Najua kuna atakayeuliza Florence inatuhusu nini. Hata bwana yule aliuliza, huku kikombe chake kikifuka mvuke juu ya kazi ya watoto. Ningemjibu kama angenipa nafasi. Wanafunzi hawa walichora kuba la Florence na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwenye karatasi moja, wakalinganisha matofali ya kule na matumbawe ya huku, na wakaona kwamba chokaa ndiyo iliyozishika kuta za pande zote mbili. Walisoma juu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, karibu miaka 90 kabla ya tofali la kwanza la kuba la Brunelleschi, na wakauliza wenyewe kwa nini kitabu kinaiweka Kilwa katika mada moja na Ulaya katika mada nyingine, kana kwamba bahari haikuwa na njia. Swali hilo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi aliyekariri aya mbili.

Yeye aliuliza moja tu: "Hili limewahi kutoka kwenye mtihani wa taifa?" Kisha akakiinua kikombe, akanywa funda moja, na akakirudisha palepale. Alikirudisha! Mara ya kwanza ningeweza kusema hakuona. Mara ya pili alikuwa ameshaambiwa na wanafunzi watatu.

Pete ya chai imebaki kwenye chokaa mbichi, ya kahawia, mviringo kamili. Nimeisugua kwa kitambaa na inazidi kuingia.

Chaki Haiishi:

Pole sana, dada. Bwana huyo ninamjua vizuri, au basi ana pacha wake katika shule yetu. Sisi tuliigiza mkutano wa Runnymede, Uingereza, wa mwaka 1215, wanafunzi wakiwa malodi waliomzunguka Mfalme John, na waliandika Magna Carta yao, ile hati ya kumbana mfalme kwa sheria, kwenye karatasi ya kahawia yenye urefu wa mita mbili, wakaipaka maji ya chai ili ifanane na ngozi ya kale. Alipoikuta ukutani alichana kipande cha chini na kuandikia nyuma yake ratiba ya usimamizi wa mitihani. Kipande alichokichana kilikuwa na ile ibara ya 39, isemayo kwamba mtu huru hatakamatwa wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Ratiba hiyo bado imebandikwa ofisini kwa walimu, na kila ninapoenda kuangalia zamu yangu ninaona mwandiko wa wanafunzi wangu umepenya upande wa pili.

Fundi Mwashi:

Mimi si mwalimu, ni mwashi, na nimesoma malalamiko yote haya nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuba lilipasuka. Sijapaona. Kuba la matofali ya kiberiti limebeba kikombe kilichojaa, mara mbili, bila ufa, na wewe unalia? Huyo bwana amekufanyia jaribio la uzito bila malipo. Tena kuba la namna hiyo linahitaji mzigo pale juu ili mbavu zake zibanane. Kwa Brunelleschi mzigo huo ulikuwa kile kibanda cha marumaru cha juu kabisa, na alifariki mwaka 1446 kabla hakijakamilika. Ninyi mmepata kibanda mapema, kina mkono wa kushikia na sukari ndani yake.

Mwalimu wa Kuba:

Ndugu Fundi, kibanda tulikuwa nacho. Kilichongwa kwa mti wa mwembe na kijana mmoja kwa siku sita, na tulipanga kukisimika Ijumaa, mkuu wa shule na wazazi wachache wakiwapo. Nafasi ile ya juu iliachwa wazi kwa ajili ya kibanda hicho. Katika darasa zima kulikuwa na meza yangu, madawati 46, dirisha lenye kingo pana na kabati, na bwana yule akavipita vyote hivyo akapeleka kikombe pale pale. Sijasema kuba lilipasuka. Nimesema binti alikuwa amesimama karibu, na alipoondoka hakumuaga mtu.

Mzazi wa Ughaibuni:

Samahani kwa kuingilia, lakini ninyi mna bahati kwamba kazi inafanyika darasani. Mimi ninaishi California, ambako darasa la saba husoma historia ya dunia katika Zama za Kati na mwanzo wa zama mpya. Mwanangu alinikumbusha saa tatu usiku kwamba ngome ya kikabaila inatakiwa asubuhi, yenye handaki la maji, daraja la kunyanyuka na minara minne. Niliijenga mimi na mke wangu kwa maboksi ya viatu hadi saa nane, mtoto akiwa amelala. Tulipata alama za juu, yeye na sisi, na hadi leo hajui daraja la kunyanyuka lilikuwa la nini. Kinachoniuma zaidi ni kwamba falme za kale za Ghana na Mali zimo katika mtaala huohuo, lakini ngome zilipewa wiki nne na Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipewa mchana mmoja wa kupaka rangi ya dhahabu kwenye picha ya mtu aliyepanda ngamia. Nilipouliza, mwalimu wake, ambaye wazazi wote wa pale wanamjua, aliniambia kwamba maboksi ya Mali hayapatikani kirahisi. Mpaka leo ninalitafakari jibu hilo.

Chaki Haiishi:

Kaka, hilo la wazazi kujenga ndilo linaloua mbinu yote. Sisi tumepiga marufuku kazi ya mradi kuvuka geti la shule, na bado kuna mtoto aliyeleta ngao ya shujaa iliyochomelewa kwa chuma, akasema aliitengeneza mwenyewe wakati wa mapumziko.

Mama Maharage:

Mnalalamikia vikombe na maboksi, mimi niliitwa mbele ya kamati ya wazazi. Nilifundisha Tauni Kuu, ule ugonjwa ulioiangamiza Ulaya karne ya 14, kwa maharage. Kila mwanafunzi alikuwa mkulima katika kijiji cha kabaila mmoja wa Uingereza, akachota harage kwenye mfuko bila kuangalia, na waliopata jeusi walikwenda kuketi ukutani. Ugonjwa ule ulifika Messina, Italia, mwaka 1347 na Uingereza mwaka uliofuata, na katika sehemu nyingi uliondoa theluthi hadi nusu ya watu, kwa hiyo niliweka maharage meusi kwa kadiri hiyo. Waliobaki wakagundua kwamba mashamba ni yaleyale na mikono imepungua, wakaanza kudai ujira mkubwa zaidi. Hapo ndipo nikawasomea sheria ya mwaka 1351 iliyowaamuru wafanyakazi wapokee ujira wa kabla ya tauni. Darasa lilichafuka. Mmoja alisimama juu ya dawati na kutangaza kwamba hatalima tena. Miaka 30 ya chuki, hadi uasi wa wakulima wa mwaka 1381, waliielewa kwa dakika tano.

Kesho yake mama mmoja alifika akasema nimemtabiria mwanawe kifo kwa harage. Kikao kilichukua saa tatu. Niliombwa nieleze maharage nimeyanunua wapi na nani aliyachambua, na mwenyekiti, ambaye hapa sina sababu ya kumtaja, aliandika katika muhtasari kwamba somo la Historia lisihusishe nafaka.

Fundi Mwashi:

Harage si nafaka.

Mama Maharage:

Niliwaambia hivyohivyo, ndugu yangu, na wakaongeza jamii ya kunde.

Wino Haufutiki:

Mimi uhasama wangu ni na sare za shule. Tulitengeneza herufi za kuchapia, moja moja, zimechongwa kinyume, ili wanafunzi waelewe kwa nini Gutenberg, mchapaji wa Mainz huko Ujerumani, aliweza kutoa takriban nakala 180 za Biblia karibu mwaka 1455, wakati mnakili mmoja angetumia muda mrefu sana kwa nakala moja. Ukurasa wake ulikuwa na mistari 42. Sisi tulimaliza mistari mitatu kwa juma zima, na hapo wanafunzi wakaanza kumheshimu Gutenberg. Lakini wino ulirukia mashati 11 meupe, na kufikia jioni nilikuwa nimepigiwa simu na familia ambazo hazijawahi kujibu barua hata moja ya shule. Sasa chumba cha mradi kimefungwa, na funguo zinakaa kwa mtu mmoja anayezipeleka nyumbani kwake.

Mzazi wa Ughaibuni:

Mlichonga herufi kwa kitu gani? Zamu ya uchapaji inakuja kwetu mwezi ujao, na safari hii nataka mtoto achonge mwenyewe.

Wino Haufutiki:

Kwa muhogo mbichi. Ni laini na hauna gharama.

Mama Maharage:

Muhogo ukilala usiku mmoja hunywea na herufi hupinda. Kiazi mviringo ni bora.

Wino Haufutiki:

Kiazi hutoa maji, wino unavuja, na herufi ya "a" inageuka doa. Nimejaribu vyote, mama.

Fundi Mwashi:

Chongeni kwa soli ya ndala iliyokwisha. Za bluu zinachongeka vizuri kwa wembe. Nyeusi msiziguse, zinakatika.