Samaki bunju wa namba 8 nimuwekee wenzake gani kwenye maji ya chumvichumvi?

mdau_wa_tangi
Wakuu habari zenu. Nina tangi la lita 150 hapa Dar, maji ni chumvichumvi sio ya bahari kamili, haidromita (kile kipimo cha chumvi) inasoma 1.005, filta iko poa na amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ni sifuri. Ndani yupo bunju mmoja tu, samaki anayejivimbisha, wale wadogo wenye alama ya 8 mgongoni. Naona kama tangi liko tupu, na muuzaji ananishauri niongeze samaki wengine, mono wawili, skati mmoja na gapi kadhaa maana eti wote wanavumilia chumvi. Nisaidieni kabla sijatoa hela

shangazi_mikoko
Mdogo wangu hela yako ishike kwanza. Kuvumilia chumvi na kuelewana ni vitu viwili tofauti kabisa. Mono wanauzwa wakiwa wadogo wanang'aa unawapenda, lakini anapita sentimita 20 huyo na anataka kundi la wenzake watano sita, hapo unazungumzia tangi la lita 500 kwenda juu, halafu yeye na skati wakikua wanataka chumvi ipandishwe kukaribia ya bahari wakati bunju wako hata sentimita 10 hafiki na raha yake ni 1.005 mpaka 1.008 basi. Sasa utamfuata nani? Gapi ndo sahau kabisa, ule mkia wa kupepea ataunyofoa wote

mdau_wa_tangi
Asante sana shangazi. Vipi samaki moli basi? Na kaa wadogo wa mikokoni wale wenye gando moja kubwa?

fundi_filta
Moli chumvi haimsumbui hata ya bahari anaishi, shida ni meno ya bunju, wengine wanakaa nao vizuri wengine asubuhi unakuta mapezi yameliwa, inategemea tabia ya bunju mwenyewe. Kaa mwache, anahitaji sehemu kavu ya kupanda na upenyo wowote kwenye mfuniko anatoroka, tena bunju kaa ndo chakula chake.

Mimi ningejaribu samaki gobi wa nyuki, wale vidogo vya mistari myeusi na njano. Wanakaa chini, chumvi yao ni hiyohiyo ya bunju. Weka kundi, kama 8 hivi, na mapango mengi, mizizi, vigae, kila mmoja apate pa kujificha. Ila wanakula polepole na vyakula vya punje wengi hawagusi, wanataka artemia hai (vijidudu kama kamba wadogo sana) au minyoo iliyogandishwa, kwa hiyo bunju mshibishe kwanza upande mwingine ndo uwape wao, bila hivyo watakonda mpaka wafe huku maji yako ni masafi. Na usisahau kumpa bunju konokono wenye gamba, meno yake hayaachi kukua

shangazi_mikoko
Naunga mkono gobi. Na uwe na tangi la akiba, akianza kuwawinda unawatoa siku hiyohiyo. Bunju kuishi peke yake sio mateso jamani, weka mizizi na mawe awe na pa kuzungukia utaona anavyokagua kila kona.

Kingine maji yakipungua kwa joto ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, chumvi haipotei na mvuke. Chumvi iwe ile ya akwariamu za bahari, ya jikoni hapana, na maji ya kisima hata yakiwa na ladha ya chumvi usiyahesabie, pima

mdau_wa_tangi
Nimewaelewa wakuu. Naanza na mapango na konokono, gobi watafuata