Mrejesho: kaka kafanya majaribio ya kutangaza mpira

Asalaam alaykum, niliwauliza kaka yangu, beki mstaafu, ajiandae vipi kwa majaribio ya kutangaza mpira kwenye tivii hapa Unguja. Basi kaenda, wakamuwekea fainali ya Kombe la Chalenji 2017, lile la nchi za Afrika Mashariki na Kati, timu yetu ya taifa Zanzibar Heroes na Kenya kule Machakos, ile ya 2-2 tukafungwa kwa penalti, eti atangaze bila ushabiki, na wallahi mechi ile inauma mpaka leo. Ushauri wenu wa kunyamaza kidogo baada ya goli watu wasikie uwanja umemsaidia mno. Ila kwenye mabeki ndo kawamaliza, anaona mtu kajipanga vibaya kabla pasi haijapigwa. Wamempa uchambuzi kwanza, mechi za uwanja wa Amaan, utangazaji wenyewe anaendelea kujifunza. Ahsanteni sana ndugu zangu.