Nahlin: nani hasa waliimiliki meli hii ya anasa?

Mpenda Mvuke aliuliza:
Naomba kueleweshwa. Nahlin, iliyoundwa na kampuni ya John Brown huko Clydebank, Scotland, mwaka 1930, hutajwa pengine kuwa ya Lady Yule, pengine ya mfalme wa Uingereza, na pengine ya mfalme wa Romania. Nani kati yao aliimiliki kweli, na ilisalimika vipi ilhali meli nyingi za rika lake ziliuzwa kama vyuma chakavu?

Msomaji wa Kale:
Mfalme wa Uingereza hakuimiliki kamwe, aliikodi tu. Mwenyewe wa kwanza ni Lady Yule, mjane wa David Yule aliyetajirikia Calcutta, India, naye alizunguka nayo dunia pamoja na bintiye. Agosti 1936 mfalme huyo wa Uingereza, Edward VIII, aliipandia Šibenik, katika Yugoslavia ya wakati ule, akiwa na mpenzi wake Mmarekani, Wallis Simpson, wakaambaa pwani ya Adriatiki hadi Ugiriki na Istanbul huku manowari mbili zikiwasindikiza, jambo la kuchekesha kwa safari iliyodaiwa kuwa ya faragha. Magazeti ya Marekani yalichapisha picha zao, ya Uingereza yakanyamaza, na kabla ya mwaka kwisha mfalme alikuwa ameacha kiti ili amwoe Wallis. Mwaka 1937 ikawa ya Carol II wa Romania, ikaitwa Luceafărul. Naye akaacha kiti mwaka 1940.

Fundi wa Gati:
Naongeza kipande ambacho wengi hukiruka. Wakomunisti wa Romania waliibadilisha jina, ikaishia kuitwa Libertatea, ikafungwa Galați kwenye mto Danube na kugeuzwa mkahawa. Naamini huo mkahawa ndio ulioiokoa, kwa sababu chombo kinacholisha watu hakipelekwi haraka kwa wakata vyuma. Mwaka 1999 ilirudishwa Uingereza ikiwa imebebwa juu ya meli nyingine, kisha ikakarabatiwa Ujerumani hadi 2010, na sasa mmiliki wake ni James Dyson, mvumbuzi na mfanyabiashara wa Uingereza.

Mpenda Mvuke:
Nashukuru. Je, bado inakwenda kwa mvuke?

Fundi wa Gati:
Hapana. Turbini zake nne ziliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Umbo lililobuniwa na kampuni ya G. L. Watson limebaki, pamoja na ile sanamu ya omoni ya chifu wa wenyeji wa Amerika mwenye taji la manyoya, lakini kuiita meli ya mvuke leo ni heshima tu. Anayetaka mvuke wenyewe aitafute meli nyingine ya anasa, Delphine ya mwaka 1921, iliyoundwa kwa ajili ya Horace Dodge, tajiri wa magari wa Marekani, ambaye alifariki kabla haijakamilika: mashine zake mbili za mvuke za awali hazikung'olewa.