Naomba ushauri: proksi ya Python haionyeshi jedwali kwenye Jupyter

Wakuu, habari za kazi. Nina klasi ya proksi (kitu kinachosimama badala ya kingine kilicho kwenye seva) inayopeleka kila ombi kwenye seva kupitia __getattr__, ambayo Python huiita jina linaloulizwa lisipopatikana. Kwenye konsoli ya kawaida p, yaani kitu cha klasi hiyo, ilikuwa ikitoa <__main__.Proksi object at 0x7f…>. Hilo nimelimaliza kwa kuandika __repr__ (inayotoa maandishi ya kuonyesha kitu) ndani ya klasi, maana Python huitafuta huko, na ile iliyorithiwa kutoka object huikinga __getattr__ isiitwe.

Kasheshe ni Jupyter, daftari la kuendeshea msimbo. IPython, inayoendesha Python ndani yake, kwanza huulizia jina la mtego, _ipython_canary_method_should_not_exist_, na proksi yangu huitikia “nipo” kwa kila jina! Basi haiaminiwi tena, _repr_html_ (inayotoa jedwali kwa HTML) inarukwa, jedwali halitokei.

Je, nirushe AttributeError (kosa la “jina halipo”) kwa majina yote yanayoanza na mstari wa chini, au hilo la mtego tu? Wenzangu wanatumia baadhi ya hayo majina yenye mstari wa chini.