Eti Difenda niipeleke SKREPA! Fundi wa kona ile leo amenipandisha presha

Wakuu, naandika mikono ina grisi na damu inachemka, herufi kubwa mtazivumilia.

Fundi yule wa kona ile. Mnamjua. Hakuna mwenye gari la dizeli mji huu ambaye hajamwachia hela akaondoka na gari linaloumwa zaidi. Leo, mbele ya wateja saba na muuza kahawa, amelipiga kofi boneti la Difenda langu, Land Rover 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, akasema: "Hili mzee peleka skrepa, utapata hata nauli ya kurudia nyumbani."

SKREPA! Gari linalowaka asubuhi kwa mguso mmoja!

Ugonjwa wenyewe: silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, gia ya kwanza na ya pili hamna neno. Ingia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini, linanyong'onyea, na nyuma linatoka moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Kwenye kilima cha sokoni mkokoteni wa punda umenipita, na punda aligeuka kunitazama.

Moshi MWEUSI, wakuu. Maana yake mafuta yapo, hewa ya kuyaunguza ndiyo haipo. Fundi yeye akafungua pampu ya dizeli! Pampu inamwaga dizeli mpaka inashindwa kuungua, unaifungua kutafuta nini? Siku nne, laki nne na nusu, gari likarudi vilevile. Ndipo likaja lile kofi, na skrepa.

Jioni hii nimelegeza klipu mbili za mpira unaotoka kwenye tabo (turbo, inayosukuma hewa iingie kwenye injini) kwenda intakula (kipoza hewa hiyo). Kwa nje unang'aa kama kiatu cha harusi. Kwa ndani tabaka la mpira limebanduka linaning'inia kama ulimi wa ng'ombe. Injini ikiwa silensa, hewa kidogo inapita pembeni ya ulimi. Ukikanyaga, hewa inakuja kwa nguvu, ulimi unasimama, njia imezibwa. Mpira mpya, klipu mbili, bisibisi, dakika 20. Kilima cha sokoni nimekipanda na gia ya nne.

Na kofi je? Mbele ya muuza kahawa? "Peleka skrepa"? Sisahau mpaka naingia kaburini.

#2 Bundi wa Kitonga
Pole mkuu. Kwa yule kila ugonjwa ni pampu. Mpelekee pancha, atafungua pampu. Mpelekee redio mbovu, atafungua pampu.

#3 Spana Kumi
Mleta uzi amepatia, niongeze kwa wanaokuja nyuma. Kwenye Tdi soma moshi kabla hujagusa boliti. Mweusi na nguvu hakuna: tafuta hewa. Anza na filta ya hewa, kisha mipira, kisha tabo yenyewe. Mhimili wa tabo ukichezacheza pembeni na panga zimekwangua nyumba yake, hiyo imekwisha. Hakuna moshi na nguvu hakuna: tafuta mafuta. Filta imeziba, pampu ndogo ya kuvutia dizeli dayaframu imechoka, au mpira unavuta hewa njiani. Mweupe unaowasha macho hata injini ikiwa ya moto: kagua taimingi (mpangilio wa wakati wa kumwaga mafuta), huenda mkanda wake umeruka jino.

Funga geji ya presha ya hewa ya tabo yenye mpira mrefu mpaka kwa dereva. Tdi nzima ukikanyaga mlimani inafika baa 0.8 hadi 1. Ikikomea 0.3 kuna mahali hewa inatoroka.

#4 Mama Gia Nne
Spana Kumi, hapo kwenye geji utawapoteza watu. Ukiunga kwenye ule mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye pampu, unasoma presha KABLA ya ulimi. Geji itaonyesha baa nzima wakati injini inakabwa koo. Unga kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda), baada ya intakula.

Na hapohapo ndipo moshi mweusi unapoeleweka. Ule mpira mwembamba unatoka kwenye tabo unakwenda juu ya pampu, unaisukuma dayaframu, pampu inaongeza dizeli. Njia ikizibwa mbele ya tabo, pampu inaambiwa hewa ipo tele, inamwaga mafuta, silinda hazina hewa. Ukipasuka wenyewe ule mwembamba, kinyume chake: pampu haiongezi kitu, gari zito na halitoi hata moshi. Bei yake ni ya soda mbili.

#5 Chuma Hakilali
Sasa mleta uzi, kazi ya bisibisi na dakika 20 umemwachia mtu siku nne? Umelia aya saba kwa ajili ya klipu mbili! Hasira zako hamishia kwenye kioo cha bafuni.

Mpira wa tabo unaukagua kwa kuuminya injini ikiwa ya moto. Mzima una ugumu wa tairi la baiskeli lenye upepo. Ukiminya ukasikia kitu kinatembea ndani, au umelainika kama andazi la jana, vua. Mafuta ya injini yanayopita tabo kidogokidogo ndiyo yanayolainisha lile tabaka la ndani. Kwa hiyo usiweke mpira mpya kwenye bomba lenye mafuta. Futa kwanza, tena safisha na intakula, la sivyo mwakani utafungua uzi mwingine.

#6 Mleta uzi
Chuma Hakilali, kuminya nimekuelewa na intakula nitaivua kesho. Lakini hata kama mimi ni mjinga wa dunia nzima, kofi la boneti ni la nini? Skrepa? Kwa sauti ile? Muuza kahawa alicheka mpaka birika likamwagika!

#7 Mkonga Damu
Ndiyo maana sisi tuna mkonga, Land Cruiser. Injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, hakuna tabo, hakuna intakula, hakuna ulimi wa ng'ombe. Uzeni hayo madude.

#8 Bundi wa Kitonga
Mkonga Damu, tabo haina ndiyo, lakini wangapi wenu wanapanda mlima kwa gia ya pili wakisema "ndivyo ilivyo"? Valvu zenu hazipimwi miaka kumi. Injini ikiwa ya baridi, za kuingiza hewa milimita 0.20, za eksosi 0.40. Zikibana kupita hapo valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inapotea, nguvu nayo inakwenda.

#9 Mama Gia Nne
Mleta uzi, pampu yako imefunguliwa na yule yule, kwa hiyo kagua boliti mbili za mipira ya mafuta pale kwenye pampu, ya kuingia na ya kurudi. Zinafanana kama mapacha, ila ya kurudi imechongwa OUT kichwani na tundu lake ni dogo kama la sindano. Mtu akizibadilisha, dizeli inaingia kwa tundu la sindano. Gari litawaka, litatembea mjini, likiombwa nguvu linakufa. Ni mikono tu inayokosea hapo, pampu haina kosa.

Tena mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini wewe ukiwa umefungua boneti. Mkono wa pampu lazima uguse skrubu ya mwisho. Kebo ikilegea au kapeti ikikunjika chini ya pedali, unakosa robo ya nguvu na hakuna kilichoharibika.

#10 Dumu la Kijani
Mnahangaika na mipira, mimi nalia na kituo cha mafuta cha njia ya kwenda machimboni. Mnakijua. Juzi tumefungua kile kikombe cha kutenga maji kwenye chesisi karibu na tangi, yametoka maji nusu glasi na udongo mwekundu. Filta ya wiki mbili imekuwa rangi ya chai ya rangi.

Mwenye shaka kama ni mafuta afanye hivi: dumu la lita tano la dizeli safi, liwe juu kuliko injini na lifungwe kamba vizuri, mpira mfupi unaoonyesha ndani uingie moja kwa moja kwenye pampu. Panda mlima. Nguvu zikirudi, ugonjwa uko nyuma ya hapo: filta, pampu ndogo, chujio la tangini. Mapovu yakionekana kwenye mpira huo unaoonyesha ndani baada ya kuuunga kwenye njia ya kawaida, kuna kiungio kinavuta hewa. Hata kabla ya dumu, legeza kifuniko cha tangi. Kikivuta pumzi "fyuuu" na gari likachangamka, tundu lake la hewa limeziba.

#11 Spana Kumi
Dumu la Kijani umetaja filta ya wiki mbili. Ilikuwa orijino au ya yule muuza spea wa stendi? Zile zake nimeikata moja kwa msumeno: karatasi mikunjo michache, gundi imeachia upande mmoja, dizeli inapita bila kuchujwa.

#12 Dumu la Kijani
Ya stendi! Aliapa kwa mama yake kuwa ni orijino!

#13 Chuma Hakilali
Huyo ndiye aliyeniuzia mkanda wa taimingi usio na maandishi hata herufi moja. Fungueni uzi wake leo leo, mimi ninazo picha.

#14 Mkonga Damu
Na mimi ninayo risiti. Aliandika "filta ya maziwa".