Barafu kwenye kabureta na huku ni Uganda: marubani wa ndege ndogo, tupeane uzoefu

Wadau, salaam. Kijana mmoja kaniuliza juzi pale uwanja wa ndege wa Kajjansi: barafu itoke wapi na sisi tuko ikweta? Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini, haingoji theluji, ndugu. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba na petroli ikageuka mvuke humo humo, joto linaweza kuporomoka nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya nyuzi 22 yenye unyevu wa Ziwa Victoria inatosha kabisa. Waliokutana nayo leteni visa. Mnaojua kwa kusoma tu karibuni pia, ila mseme mapema.

Mvuvi wa Angani: Nifungue mimi. Niko na ndege ndogo ya Cessna 150, natoka upande wa visiwa vya Ssese narudi Kajjansi, mvua ya alfajiri ndiyo kwanza imekatika. Juu ya maji nikaona mizunguko ya injini inateremka polepole, kutoka 2,400 kwa dakika hadi 2,300. Nikaongeza mafuta, ikarudi. Punde ikateremka tena. Hakuna mlio wa ajabu, hakuna taa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wanaendelea kusukuma mafuta tu. Nikavuta kitasa cha hewa moto, kile kinachopeleka kwenye kabureta hewa iliyopashwa na ekzosi, hadi mwisho. Lahaula! Injini ikapungua zaidi, ikatetemeka, ikakohoa kama mzee wa kiko. Mkono unawasha kurudisha kitasa. Usirudishe! Ile ni barafu inayeyuka na injini inameza maji yake. Nilikaza, nikitazama visiwa viko upande gani, ikakohoa weee, kisha ikashika. Nilipofunga hewa moto baadaye, 2,400 ikarudi yenyewe.

Binti wa Soroti: Pole, kaka. Mimi naona hatari kubwa iko kwenye kushuka kutua. Umepunguza mafuta, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kimebaki na upenyo mdogo, barafu kidogo tu inauziba. Propela bado inazungushwa na upepo, kwa hiyo unadhani injini iko hai. Utajua siku unayohitaji nguvu, na uko chini. Tena ekzosi imeshapoa, joto la kuyeyusha utalipata wapi? Mwalimu wangu hakuwa na mzaha: hewa moto kwanza, ndipo upunguze mafuta.

Fundi Spana: Shida yangu ni kwamba ushahidi unayeyuka. Mtu anatua kajasho kamemtoka, anasema injini ilitaka kuzima. Nafungua kabureta: kavu. Basi lawama zote zinaenda kwa muuza mafuta. Maji kwenye tangi yapo kweli, lakini hayo utayaona ukichota sampuli kabla ya kuruka. Ninachokagua mimi ni waya unaotoka kwenye kitasa cha hewa moto. Kuna ndege unavuta kitasa chote, lakini kule mbele kilango cha kuingiza hewa moto kimefunguka nusu. Kwenye majaribio kabla ya kuruka ukivuta na mizunguko isipungue (hewa moto ni nyepesi, lazima nguvu ishuke kidogo), zima urudi kwangu. Ila msiache hewa moto wazi mkitembea kwenye viwanja vya murram, hewa ile haipiti kwenye filta, na vumbi la Karamoja mnalijua.

Kamanda wa Caravan: Sisi wa Cessna Caravan, ndege za injini ya turbini isiyo na kabureta, haya tunayasoma kama hadithi.

Mwenye uzi: Ssebo, tumekusikia, kabureta huna. Wenye Cessna 172 mpya za sindano, zinazopuliza petroli kwenye injini bila kabureta, msicheke naye sana. Koo la kabureta hamna, lakini ukiingia mawinguni kwenye baridi, filta ya hewa inaweza kuziba kwa barafu. Mjue mlango wa hewa ya akiba uko wapi.

Mwanafunzi23: Na nikivuta nusu tu, ili nisipoteze nguvu nyingi?

Fundi Spana: Una kipimo cha joto cha kabureta?

Mwanafunzi23: Hapana.

Fundi Spana: Basi vuta yote. Nusu inaweza kuipasha hewa iliyokuwa baridi mno hadi ifike kiwango kinachogandisha vizuri zaidi.