Baba yake babu aliitwa Manowari, mke wake Mtupeni. Haya majina yalitokaga wapi?

mjukuu_wa_rufiji:
Wakuu habari za jioni. Naandika ukoo wetu kwenye daftari upande wa baba, kabla wazee hawajaisha, maana mwaka huu tu tumezika wawili. Nimekwama kwa baba yake babu. Nyumbani kila mtu anamjua kama Manowari, hata kwenye kaburi kule Rufiji wameandika Mzee Manowari basi, jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelikumbuka, na babu naye kwenye kadi zake zote ni bin Manowari. Halafu mke wake aliitwa Mtupeni. Hilo la bibi miaka yote nimekuwa naona aibu kulitaja mbele za watu, nilidhani ni tusi la mawifi, yani nani anamwita mtu Mtupeni? Kwenu majina ya hivi yalikuwa yanatokaje, na mtu anaanzia wapi kuyafuatilia?

mwl_mstaafu:
Kijana wangu, hilo la Manowari kwa mtu wa Rufiji ni kama limeandikwa tarehe. Manowari ni meli ya vita, na iliyoingia kwenye delta yenu ni Königsberg ya Wajerumani. Iliipiga meli ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha, halafu ikarudi kujificha huko kwenye mikoko miezi na miezi, mpaka Waingereza wakaleta meli mbili zinazoweza kupita maji machache, Severn na Mersey, ndo wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wazee walihesabu miaka kwa mambo kama hayo, mwaka wa nzige, mwaka wa njaa. Andika kazaliwa 1914 au 1915.

nyar_kisumu:
Pole kwa misiba ndugu yangu. Mtupeni si tusi hata kidogo, na mimi naomba usilionee aibu tena. Huku kwetu kwa Wajaluo kuna Owiti na Awiti, maana yake aliyetupwa. Mama akishazika watoto kadhaa, huyu anayefuata anawekwa nje njiani kama ametupwa kweli, halafu mtu mwingine waliyekubaliana naye anapita, anamwokota anamrudisha, ili kifo kione huyu hana mwenyewe kimwache. Hilo jina limetoka kwa mama aliyekuwa analia. Uliza kama bibi yenu alitanguliwa na watoto waliokufa.

Ila kwa Manowari Mwalimu naomba nitofautiane kidogo. Babu yangu mzaa mama tulimwita Keya, alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo watu walilitamka Keya, akaenda mpaka Burma, na jina alirudi nalo kutoka vitani akiwa mtu mzima kabisa. Sasa tungehesabu umri wake kwa jina si tungepotea. Jina la utani linaweza kumkuta mtu ana ndevu tayari, kwa hiyo huo mwaka usiandike kwa wino kwanza.

shija_wa_kahama:
Nakubaliana na dada. Yapo majina ya kuzaliwa yanayojieleza, kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto na anayewafuata ni Shija, ndo mimi, huhitaji kuuliza. Lakini mengine yanaletwa na heshima tu. Mdogo wangu kapewa jina la babu mzaa baba, na mama hawezi kutamka jina la baba mkwe wake, atamwitaje mtoto? Akawa anamwita Baba, njoo Baba, kula Baba, mtaa mzima ukadaka na mpaka leo ana miaka arobaini watu wanamwita Baba. Kwa hiyo usishangae jina halisi limepotea, huenda wakwe na wajukuu hawakuruhusiwa kulitamka, likafa na wenzie wa rika lake.

abwooli_fortportal:
Kwetu Toro, Uganda, jina la kubembelezea mtu anapewa rasmi utotoni, tunaliita empaako, mimi ni Abwooli. Yapo kumi na mbili tu, Amooti, Akiiki, Ateenyi na mengineyo, na la Okaali ni la mfalme. Kumwita mzee bila empaako yake ni kumkosea adabu. UNESCO waliiweka 2013 kwenye orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Hayo mawili ya kwenu hayana orodha yoyote, yalindeni nyinyi wenyewe.

mjukuu_wa_rufiji:
Jamani asanteni sana. Nimempigia shangazi mkubwa leo baada ya magharibi tukaongea karibu saa nzima. Bibi Mtupeni alitanguliwa na watatu, wote walikufa kabla hawajatembea, na aliyemwokota alikuwa jirani, shangazi anamjua hadi kwa jina. Na dada wa Kisumu ulikuwa sahihi, Manowari hakuzaliwa mwaka ule. Alikuwa kijana mkubwa, alichukuliwa na wenzake kuvuta mizinga ya ile meli baada ya kuzama, Wajerumani waliitoa majini wakaipeleka Dar. Shangazi anasema begani alikuwa na kovu refu la kamba na watoto walikuwa wanaligusa wakimuuliza babu hii nini, anawajibu manowari.

mwl_mstaafu:
Basi mimi nilikosea, futa huo mwaka wangu. Mizinga ilikuwa kumi na waliivuta watu kwa mikono. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, umewekwa nje watu wanauona. Shangazi kama bado ana nguvu za kusafiri, mpeleke.